Hesabu ya Punda Watatu

Miaka kumi na moja hatukuwa na mwizi.
Kliniki ya Langoni ilivuja, tukasema imevuja,
tukasogeza kitanda cha uzazi upande mkavu,
mwaka wa pili tukakisogeza tena,
na wa tatu. Hakuna aliyeuliza nani amekula,
kwa kuwa hapakuwa na sahani.

Kisha kaunti ikaleta kibao.
Kibao kilitangulia mchanga, kikatangulia kokoto,
kikapigwa ukutani kwa misumari minne:
UKARABATI. SHILINGI 6,840,000.
Alasiri ile ile Tima Shekuwe akakisoma kwa sauti,
tarakimu moja moja, kama anayeonja chumvi,
akasema: Haya. Mwizi kafika.

Mimi ndiye niliyebeba saruji.
Punda wangu watatu, Kijivu, Bi Harusi na Deni
(Deni ni yule niliyemnunua kwa mkopo),
mifuko miwili kila mmoja, kutoka gatini
hadi kichochoro kile ambacho mtu na punda
sharti wapatane nani apite kwanza.
Nilichora mkaa mlangoni pangu, kistari kwa kila mfuko,
si kwa kumchunguza mtu. Kwa ujira wangu.
Mia moja arobaini na nne.

Ningejuaje mlango ungegeuka mahakama?
Walikuja baada ya isha, kwa adabu,
Mwalimu Bunu na daftari lake la miraba,
Lali wa duka la nyavu.
Famau, kibao chasema hivi, mlango wako wasemaje?
Wakagawanya, wakatoa, wakabakiwa
na milioni tatu zisizo na miguu.
Wakazipa miguu: gari la mhandisi,
ghorofa la mtu fulani Malindi.
Kufika Ijumaa zilikuwa milioni tano,
na lile ghorofa lilikuwa na lifti.

Nikasema: mimi nilihesabu punda wangu tu.
Kuna punda wa Athman Kupi. Kuna mabati, kuna nondo,
kuna fundi wa umeme aliyelala hapa siku tisa.
Wakanitazama kama mtu aliyekwisha lishwa.

Kazi ikaisha. Paa halivuji.
Nilikwenda mwenyewe siku ya mvua, nikainua uso
nikangoja tone, na naona haya kusema
nililitamani. Halikuja.
Mjukuu wangu alizaliwa chini ya paa lile.
Tima akamfunua kitambaa, akasema Mashaallah,
akatazama juu:
Lakini kwa pesa zile wangetia na dhahabu.

Ndipo akaja karani wa kaunti, binti, Swabra jina lake,
na karatasi kumi na saba za risiti,
akazibandika chini ya kibao kwa gundi ya unga.
Hakuhutubia. Alinawa mikono akaenda zake.
Watu wakasoma hadi magharibi.
Saruji, mifuko mia tatu na sita.
Yangu, ya Kupi mia na hamsini,
Mwalimu akahesabu kwa kidole hewani:
haionekani kumi na miwili.

Mji ukashusha pumzi, nusu.
Hawakusema kaunti ni safi, wala hawakusema ahsante.
Walisema kumi na miwili,
na kumi na miwili ni neno
mtu aweza kwenda nalo ofisini mchana, akavua viatu, akauliza.
Milioni tano haziulizwi. Hunong'onwa.

Mwezi uliofuata Swabra akahamishiwa Kiunga.
Risiti zililiwa na mvua, na mbuzi mmoja.
Kibao kipo.
Minong'ono imerudi kwa ukubwa wake wa zamani.

Nami nina langu.
Katika ile kumi na miwili, mmoja naujua.
Deni aliukwaruza ukutani, ukapasuka,
nikaukusanya kwa ufagio, nikasema umeharibika,
nikapiga plasta kizingiti cha nyumbani, laini kama kiganja.
Hakuna aliyeniuliza.
Kila ajaye kuhesabu mkaa mlangoni pangu
hukikanyaga.